Tuongee Kilichotendeka, Moyo Wako Tuuache

Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye hafla ya Buckingham Palace, ikulu ya mfalme wa Uingereza, kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, Ngozi Fulani aliulizwa anatoka wapi. Akajibu. Hakuaminika, akaulizwa tena, sehemu gani ya Afrika hasa. Mama huyu amezaliwa London, na alialikwa kama kiongozi wa Sistah Space, shirika linalowasaidia wanawake wenye asili ya Afrika na Karibiani wanaonyanyaswa majumbani. Kwa maelezo yake, muulizaji, Lady Susan Hussey, Mzungu aliyeitumikia familia ya kifalme kwa miaka mingi, alikuwa amezisogeza nywele zake kwanza ili asome jina kifuani.

Lady Hussey alijiuzulu kazi yake ikulu na kuomba radhi. Mwezi uliofuata wakakutana palepale ikulu, wakayamaliza. Wenyewe waliyamaliza! Ila watetezi wasioombwa waliendelea: bibi wa miaka 83, alitaka kujua tu, siku hizi hata kuuliza ni kosa. Fulani akatukanwa mitandaoni, shirika likasimamisha baadhi ya huduma kwa kuhofia usalama, na Machi 2023 akaachia uongozi. Swali likasahaulika, aliyeulizwa akawa ndiye mshitakiwa.

Sisi tunaofanya kazi Uingereza hatukushangaa. Ninapofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mzee mmoja alikataa kuoshwa na dada mmoja Mkenya, na sababu aliitaja waziwazi: rangi yake. Wakati wa chai dada akasema, kwa upole kabisa, kwamba jambo hilo liandikwe kwenye faili na asiingie tena chumbani mle peke yake. Mzungu mwenzetu mmoja, mtu mwema kwelikweli, akaiva uso. "Kwa hiyo sisi wote ni wabaguzi? Shemeji yangu ni Mjamaika!" Machozi yakamtoka. Punde si punde dada yetu, aliyetukanwa asubuhi ile, ndiye aliyekuwa akimshika bega na kumwambia pole, sikukusudia wewe. Muda wa chai ukaisha. Faili halikuandikwa kitu.

Sisemi machozi yale yalikuwa ya uongo. Wazungu wengi wamekua wakiamini kwamba mbaguzi ni mtu katili, mwenye chuki, basi. Ndiyo maana ukiutaja ubaguzi mbele yao wanahisi umewavua nguo. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hapigani na aliyeona. Na hapa hakuna hata aliyemvua mtu nguo: dada alizungumzia mzee, chumba na faili. Hakuna aliyetaka kupima moyo wa mtu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tumezoea kubembeleza. Kabla ya kusema tunatafuta maneno laini, tunatabasamu, tunatanguliza "najua hakuwa na nia mbaya". Wengine, hata Waafrika wenzetu, wanatunong'oneza tuache, tutaharibu kazi. Mwisho tunanyamaza, na meneja anaona hakuna malalamiko, basi mambo ni shwari.

Wewe Mzungu unayetupenda, na najua mpo, uliza mzee alisema nini, saa ngapi, na nani ataingia na dada kwenye zamu ya kesho. Ukihitaji kulia, mlilie rafiki ambaye hakutukanwa siku hiyo.