Nani kasema mabinti wa Amu hawataki kazi?

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, kila kazi ikitangazwa utasikia barazani hapa Amu, mji wetu wa kisiwani, maneno yale yale: vijana wetu wavivu, mabinti wetu wamezoea kukaa ndani. Mimi hapo hatupatani, na hilo la mabinti ndilo linalonikera zaidi.

Hebu tupige hesabu ya safari. Binti wa Langoni, mtaa wa hapa Amu, avuke kwa boti asubuhi hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, apande bodaboda mpaka Kililana iliko bandari, jioni arudi njia hiyo hiyo. Zamu ikichelewa, kukodi boti peke yake kutamla mshahara wa siku. Mwanamume akikwama ng'ambo atalala kwa rafiki, na hakuna atakayeuliza. Binti akilala huko, kabla ya jua kupanda mtaa mzima ushasema. Na akiwa na mtoto anayenyonya?

Basi utamkuta mlangoni kwao na karai la mahamri, au anapaka maharusi piko, cherehani iko pembeni. Msidhani hajasoma. Yuko mmoja mtaani kwetu ana diploma ya uhasibu. Madeni ya wateja wake wa viazi karai ameyapanga daftarini kwa safu, deni huku, malipo kule, tarehe zote zipo. Mwajiri gani amewahi kuliona daftari hilo?

Wanaume nao huchaguliwa na umri. Bandari iliwanyima wavuvi maeneo ya karibu, hata Mahakama Kuu ikaamuru mwaka 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kwenda kusomea kreni. Mzee wa miaka 55, anayeijua miamba kwa majina, cheti atakitoa wapi? Wengine sasa ni walinzi wa usiku kwenye majumba ya wageni Shela. (Waulize kama ndiyo kazi waliyoichagua.)

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kazini kwa jinsia yake au kwa kuwa mjamzito. Sawa, lakini sheria haimvushi mtu bahari.

Nyinyi waajiri wa bandarini, wekeni boti ya wafanyakazi ya kurudi Amu usiku, na mahali pa kuacha watoto pale Mokowe. Usaili mmoja ufanyike huku kisiwani. Kisha tangazeni kazi tena, tuhesabu mabinti waliojitokeza.