Nguzo changa haina ukakasi

Mwaka juzi nilimjengea mama jiko la nje kule Mokowe, bara ya Lamu, jiko la makuti, nguzo sita za mvinje, na muuzaji aliniapia kabisa kwamba hizi ni ngumu, hizi utawaachia wajukuu. Ramadhani iliyopita mama yuko anakoroga uji jioni, nguzo ya pembeni ikalala. Haikukatika kwa kishindo, ililala tu taratibu kama mtu aliyechoka, mimi na ndugu yangu tukaikimbilia tukaidaka, mama akatoka na sufuria yake, alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Kesho yake nikaichoma kisu kule chini inapoingia ardhini na kisu kikazama mpaka mpini. Ndani hamna mti tena, kuna udongo mkavu na vinjia vya mchwa, nje limebaki ganda zuri kabisa ungelipita bila kushuku.

Alafu navuka maji naingia Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, nyumba ya babu, naangalia juu. Boriti zile za mkoko baba alizikuta, babu alizikuta, na aliyezipandisha hatumjui. Vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti hizo hizo, manake upana wa chumba ni urefu wa boriti na ikizidi sana mita 3 haibebi, sa nyumba nzima imepimwa na mti. UNESCO walipouweka mji huu kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2001 watu walitaja milango na matumbawe na vichochoro, mimi naona na boriti zilistahili kutajwa kwa jina.

Najua mtu atasema boriti ya dari iko pakavu na nguzo ya jiko imefukiwa kwenye udongo, na ni kweli, ukavu ni nusu ya kinga, hata nguzo ya mkoko ukiifukia ina mwisho wake. Lakini ile nusu nyingine ndio nataka kuisema leo kwa sababu kila niliyemwelezea habari ya jiko la mama alinipa jibu moja, ungepaka dawa, ungepaka oil chafu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mti wenyewe ulikuwa na umri gani.

Tuanze na bibo. Kila mtoto wa huku anajua ukila bibo kooni kunakabana, ulimi unakuwa mkavu kama umelamba kitambaa, ule ndio ukakasi. Unao kwenye ndizi mbichi, unao kwenye chai ya rangi iliyokolea sana. Kinachofanya vile kinaitwa tanini na kazi yake ni kushikana na protini, mate yako yana protini zinazoyafanya yateleze, tanini ikizinasa mate yanakosa utelezi. (Ndio maana chai kali ukiitia maziwa inalainika, tanini inashikana na protini ya maziwa badala ya kukushika wewe.) Sasa chukua kitu hicho hicho ukiweke mdomoni mwa mdudu anayetafuna gome, au kwenye kuvu inayotoa vimeng'enya ili iozeshe mbao, na vimeng'enya navyo ni protini. Mdudu anakula hashibi, kuvu inafanya kazi haifiki popote. Mti hauwezi kukimbia wala kupiga, umepewa ukakasi.

Mikoko ni matajiri wa kitu hiki. Kwangua gome la mkoko au mkandaa utakuta wekundu wa nyama, ukiliroweka maji yanageuka rangi ya chai. Wazee walikuwa wakichemsha magome hayo wanatia nyavu na kamba na matanga, enzi za pamba kabla ya nailoni, ili maji ya chumvi yasizioze haraka. Na ngozi pia, tanini inashikana na protini ya ngozi hadi ngozi ikawa haiozi, ndio ikawa kiatu na mkanda, na mwanzoni mwa karne ya 20 magome ya mikoko ya pwani hii ya Afrika Mashariki yalipakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi hiyo hiyo.

Ami yangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Baada ya habari ya jiko nilimwendea nikiwa na hasira zangu, nikakuta wanabandua ubao wa mashua ya zamani. Akaniita, "Ndoo uone." Akanionyesha msumari. Kuzunguka tundu la msumari mbao ilikuwa nyeusi, duara jeusi tii la upana wa kidole gumba, linafifia kuwa samawati kidogo pembeni, na mbao yenyewe pale ni nzima, ngumu, msumari ndio umeliwa umebaki mwembamba kama sindano ya mikeka.

"Wadhani ni nini hiki?"

Nikasema kutu.

"Kutu ni nyekundu mwanangu. Hii ni mbao inapigana na chuma."

Na yuko sawa kabisa kikemia, tanini ikikutana na chuma kwenye unyevu inatoa weusi, ndio ule ule wino ambao Ulaya waliandikia vitabu kwa karne nyingi, walichanganya tanini na chumvi ya chuma basi. Ndio maana mafundi wetu wanauzungushia msumari pamba yenye mafuta kabla ya kuupigilia, kuziba maji na kukitenga chuma na mbao. Hakuna aliyewasomesha. Nikamuuliza mbona basi mvinje wangu haukupigana, akachukua kipande cha mbao chini akanigeuzia kichwa chake nikione, katikati kahawia ya kukolea, pembeni mzunguko wa weupe kama kucha. Akausugua ule weupe kwa kidole. "Huu ni chakula," akasema. Alafu akagonga katikati. "Hii ni dawa. Wewe umenunua chakula kitupu."

Sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo, na nimesoma sana tangu siku ile.

Manake iko hivi. Ule weupe wa nje ndio sehemu ya mti inayoishi, inapandisha maji, inaweka akiba ya wanga na sukari, na wadudu wa mbao wanaifuata akiba hiyo, ukiona unga laini unadondoka kwenye kiti chako kipya jua kuna anayekula wanga. Mti ukizidi kukua, tabaka za ndani zinaanza kufa, lakini hazifi ovyo, kabla ya kufa chembe zile zinachukua akiba yao na kuigeuza kemikali za kujilinda na kuzijaza humo humo, ndio kiini kinakuwa cheusi, kizito, chenye harufu. Kila mti una mapishi yake. Msaji, ule wengine wanauita mtiki, una kitu kinaitwa tektokwinoni ambacho mchwa hawakitaki kabisa. Mvule una klororofini, na seremala yeyote aliyeranda mvule bila kufunga pua anajua vumbi lake linavyowasha macho na kubana kifua, watu wengine wanapata pumu ya kazi kwa hilo vumbi, kwa hiyo fungeni pua jamani, dawa ya mdudu haichagui mapafu.

Na kiini hakiji haraka. Hapa ndipo roho inaponiuma. Mvinje si mti mbaya, unazuia upepo, unakua mbio, umeokoa watu wengi pesa na umeipunguzia mikoko mzigo, lakini ukikatwa na miaka minne mitano ni weupe karibu wote. Hata msaji, mti ambao jina lake peke yake linauza, ukivunwa mchanga kwenye mashamba ya kupanda una weupe mwingi na kiini chake hakijakolea, haudumu kama msaji wa zamani, sa mtu analipia jina. Muuzaji wangu sidhani alinidanganya kwa makusudi, naye anauza anacholetewa, ila hakuna anayeuza kwa umri, tunauza kwa unene na urefu. Ukienda kununua omba kuona kichwa cha mti palipokatwa, angalia weupe ni kiasi gani na kiini ni kiasi gani, na hata ukiwa na mbao ya mti mzuri mwambie fundi autoe weupe kwenye sehemu itakayogusa udongo, manake weupe wa mti wowote, hata mbambakofi, haujilindi.

Mti una njia ya pili ya kujilinda, ile ya kujeruhiwa kwanza. Hii watu wa Amu tunaishi nayo kila Ijumaa bila kuifikiria. Ubani unaouweka kwenye chetezo ni utomvu ambao mti unautoa ukikatwa gome, unaziba jeraha usiingie uchafu na wadudu. Udi ndio ajabu zaidi, mti wa udi ukiwa mzima mbao yake ni nyeupe haina harufu yoyote ya maana, mpaka uumie na kuvu iingie ndani, hapo mti unaanza kutoa utomvu mweusi kupigana nayo, mwaka baada ya mwaka, na ule mti uliopigana ndio tunaununua kwa bei ya dhahabu. Harusi nzima inanukia vita vya mti na kuvu. Nikiifikiria hiyo napata kicho fulani, subhanallah.

Korosho nayo ni hivo hivo. Kina mama wanaobangua korosho huku bara ya Lamu wanajua yale mafuta ya ganda yanavyobabua vidole na moshi wake unavyochoma macho, yale ni silaha ya kuilinda mbegu, jamaa wa karibu na utomvu wa embe unaobabua midomo ya watoto msimu ukianza. Mafuta hayo yanafukuza mchwa na kuzuia maji kwenye mbao, viwandani wanayatia hadi kwenye breki za magari, na sisi wengi tunayachoma tu na maganda. Hilo naona ni hasara kubwa, ingawa simwambii mtu ayashike kwa mikono mitupu.

Mwarobaini nausema kwa sababu nilishauriwa niuchemshe niipake nguzo. Kemikali yake kubwa inaitwa azadirachtini, iko nyingi zaidi kwenye mbegu kuliko majani, na inavuruga homoni ya mdudu ya kujivua ngozi, mdudu anakwama ndani ya ngozi yake ya zamani hakui. Kwenye sukuma wiki na mchicha ni msaada wa kweli. Lakini jua linaivunja kwa siku chache tu, kwa hiyo kuipaka kwenye nguzo ya kusimama miaka ni kujichosha. Nasema hivyo nikiwa naupenda mwarobaini, uko mlangoni kwetu.

Sasa hizi nguzo na mbao za kijani zilizotiwa dawa kiwandani. Zinafanya kazi, sikatai, na kwa mtu asiyeweza kupata mti uliokomaa ni jibu. Lakini dawa iliyozoeleka humo ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu ya kuua mtu. Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, Ulaya wakaibana mwaka 2004. Ikiwa imesimama kama nguzo ya stima haina neno sana, hatari ni vipande. Nimeona kwa macho yangu, fundi akimaliza kukata vipande vinaokotwa vinapelekwa jikoni kuwashia moto, samaki anachomwa juu yake, jivu linatupwa kwenye bustani ya mchicha. Aseniki haiungui ikaisha, nyingine inatoka na moshi nyingine inabaki kwenye jivu. Tafadhali, mbao ya kijani isiguse jiko lako, waambieni na majirani, waambieni na watoto wanaookota kuni. Oil chafu nayo msiipake mahali pa kupikia, ile imebeba vyuma vya injini na inaingia kwenye udongo wa kisima chako.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii yetu ya Lamu. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na ukataji wa ndani umekuwa ukifungwa na kufunguliwa, na kila ukifunguliwa watu wanaishi kwa kazi hiyo, siwezi kusema wasikate, mimi mwenyewe nimekulia chini ya boriti. Ninachokiomba ni mti upewe miaka. Tukiimaliza ya unene wa boriti tutahamia kwenye mapau na tukimaliza mapau tutakata fito, na fito haijapata wakati wa kujitengenezea chochote ndani yake. Vijana wa ujenzi na mafundi wa makuti wafundishwe kusoma kichwa cha mti kama ami anavyosoma, hata shule za ufundi ziweke somo la siku moja tu Matondoni, waonyeshwe duara jeusi la msumari wataelewa wenyewe.

Jiko la mama nimelirudia mwezi uliopita. Nguzo nne ni za mbao ya kiini alizonitafutia ami kutoka jahazi lililovunjwa, nimezisimamisha juu ya zege zisiguse udongo. Mbili bado ni za mvinje, pesa iliishia hapo, nazichoma kisu kila nikivuka kwenda Mokowe. Juzi kimeingia kama unene wa kucha.