Milima ya watu nimepanda, Ngezi yetu naipita na gari

Mwaka jana nilivuka Tanga kwenye harusi ya binamu yangu, harusi ilipokwisha vijana wa kule wakasema twende Amani, msitu wa juu milimani Usambara, tukapunge upepo, mie nikajua tunakwenda kukaa kivulini tule mishkaki kumbe ni kutembea. Kutembea kweli. Kutoka Muheza gari inapanda kona juu ya kona, masikio yanaziba, unafika juu baridi inakutafuna na mie nimevaa shati la mikono mifupi na ndara za msikitini. Ndara yenyewe ilikatika hata nusu saa hatujamaliza, nikaifunga kwa kamba ya mgomba, basi wenzangu wakapata la kunichekea mpaka leo.

Mzee aliyetutembeza alikuwa anaijua miti kama mtu anavyowajua wanawe. Akatuonesha kiua kidogo cha zambarau kimejibana kwenye mwamba, akasema hiki Wazungu wanakiweka vyunguni madirishani kwao, asili yake ni hapa hapa Usambara. Halafu akanigeukia, eti na nyinyi Pemba mna msitu? Nikamjibu kwa majivuno, mbona tunao, Ngezi, mkubwa tu. Akaniuliza, una miti gani?

Nikanyamaza. Mie mzaliwa wa Wete, Ngezi nimepita sijui mara ngapi, na ninachokijua ni ule ubaridi unaoingia dirishani ukishaiacha Konde, giza giza kidogo, halafu ghafla jua na mchanga wa ufukwe wa Vumawimbi. Basi.

Na si mie peke yangu, tusidanganyane. Sikukuu ya pili gari zinapita pale zimejaa watu, sufuria za pilau zimefungwa kanga, spika imefunguliwa mpaka mwisho, hakuna hata anayepunguza mwendo. Msitu kwetu ama ni kuni ama ni mashetani. Mama alikuwa akituambia ukiitwa jina lako Ngezi usiitike, na nakiri mpaka nimeota mvi siitiki.

Niliporudi nikaona aibu, Jumamosi moja nikachukua honda mpaka getini, nikalipa, nikaomba mtu wa kunitembeza. Safari hii nimevaa viatu vya mpira. Mlima hakuna, Pemba yetu ni vilima na mabonde tu, lakini tope la mle linakuvuta mguu kama lina deni lako, na mbu usiseme. Tumekwenda taratibu. Nikaonyeshwa mivule ambayo watu watatu hatuizunguki kwa mikono, nikaonyeshwa na mpapindi, kitu kama mnazi mwembamba, umesimama kimya tu pembeni ya njia. Yule kijana akasema huu kwa asili yake hauoti popote duniani isipokuwa Pemba, ndugu zake wengi wako Madagascar. Nikausogelea nikaushika. Shina lina pete pete na ni laini, na mie maisha yangu yote nikiuona dirishani nilikuwa nadhani ni mpopoo.

Halafu popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye akikunjua mabawa anafika kama mita moja na nusu, naye hapatikani kwengine. Hapa lazima niseme kweli, babu yangu alikuwa akiwala, na wazee wengi tu walikuwa wakiwala, bunduki zikalia mpaka miaka ya mwisho ya 80 wakabaki wachache sana kisiwa kizima. Watu wa vijiji kama Kidike ndio waliokuja kukaa chini wakasema jamani basi, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Popo wanakula matunda wanatapakaza mbegu, kwa hiyo hata huo msitu wenyewe unawategemea.

Sasa mie nasema hivi, Ngezi ni hifadhi tangu 1959, zaidi ya hekta 1,400, na wanaoingia kutembea wengi wao ni wageni wenye darubini shingoni. Wanakuja kumtafuta bundi wetu wa Pemba usiku usiku wakati sie tunaona bundi ni mkosi. Watoto wa skuli wanasomeshwa misitu ya Amazon na hawajakanyaga Ngezi. Mwalimu awapeleke, hata kwa gari ya mchanga, hata nusu siku. Na wenye spika, zimeni kuanzia Konde mpaka mtoke upande wa pili, ufukweni ziwasheni mnavyotaka hakuna atakayewasema.

Mie nimepanga kurudi usiku kumsikiliza huyo bundi, mke wangu kasema niende peke yangu. Na Mama siku ile niliporudi na tope mpaka magotini alinitazama juu mpaka chini, akauliza: "Umeshinda msituni kutwa, na kuni ziko wapi?"