Nobel Ilimkuta Perutz Katikati ya Kazi

Wengi wanaosimulia maisha ya Max Perutz huishia mwaka 1962, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Kendrew. Hadithi inanoga ikiishia hapo. Kijana kutoka Vienna anafika Cambridge mwaka 1936, mwaka unaofuata anaanza kuichunguza hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, anahangaika nayo kwa zaidi ya miaka 20, na mwishowe analiona umbo lake. Mimi naona tunaikata hadithi mahali pasipofaa. Kazi iliyo bora kuliko zote alizofanya Perutz ilichapishwa mwaka 1970, miaka minane baada ya tuzo. Hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba protini zitaendelea kuhitaji watu wa kuzitolea maisha yao, hata sasa ambapo kompyuta hutabiri umbo la protini kwa muda mfupi.

Tusiidharau miaka ile ya mwanzo, lakini. Eksirei zikipita kwenye fuwele ya protini hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Ukali wa kila doa unapimika. Kinachopotea ni awamu ya wimbi, yaani kama lilifika likiwa kileleni au bondeni, na bila awamu huwezi kutoka kwenye madoa ukafika kwenye atomi. Perutz alizipiga picha hizo mwaka baada ya mwaka bila kujua kama fumbo lenyewe linafumbulika. Vita Kuu ya Pili vilipopamba moto alikamatwa kama raia wa nchi adui, akapelekwa hadi Kanada, akarudi mwaka 1941 na kuendelea pale alipoachia. Mwaka 1949 alitoa wazo kwamba hemoglobini imejengwa kwa fito zilizolala sambamba. Francis Crick, aliyejiunga na maabara mwaka huohuo, akaonyesha kwamba vipimo havikubaliani na wazo hilo, na Crick alikuwa sahihi. Njia ilifunguka mwaka 1953: Perutz alipachika atomi za zebaki kwenye protini, akapima jinsi madoa yalivyobadilika, na kutokana na tofauti hiyo awamu ikaanza kupatikana. Hata hivyo ramani ya kwanza ya hemoglobini ilitoka mwaka 1960, nayo ilionyesha tu namna minyororo yake minne ilivyojikunja.

Dorothy Hodgkin, mtafiti mwingine wa fuwele, naye alianza kuipiga picha insulini katikati ya miaka ya 1930 na umbo lake likapatikana mwaka 1969. Sijui ni mfadhili gani wa leo angevumilia hivyo. Perutz alimpata Lawrence Bragg, mkuu wake wa maabara, aliyempigania, na mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likakubali kugharimia kikosi kidogo cha watu wawili, yeye na Kendrew. Mtafiti anayetakiwa kuonyesha matokeo kila baada ya miaka mitatu hujifunza upesi kuyakwepa maswali ya aina hii, na hilo linanikera.

Sasa turudi kwenye ile ramani ya 1960. Ilijibu nini kuhusu kazi ya hemoglobini? Kidogo sana. Kazi yake ni kushika oksijeni kwenye mapafu na kuiachia kwenye misuli. Ina atomi nne za chuma, moja kwa kila mnyororo, na oksijeni ikishikwa na moja, zile nyingine huivuta kwa nguvu zaidi. Atomi hizo ziko mbali mbali, hazigusani. Zinapashanaje habari? Dalili ilikuwepo tangu 1938, pale Felix Haurowitz alipotazama kwenye hadubini na kuona fuwele za zambarau za hemoglobini isiyo na oksijeni zikigeuka sindano nyekundu mara hewa ilipoingia. Molekuli ilikuwa inabadilika umbo inapofanya kazi. Kwa hiyo ramani moja, hata ingekuwa safi kiasi gani, isingetosha.

Perutz alihitaji mbili, na kwa undani zaidi: hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo. Alipozilinganisha mwaka 1970, miaka 33 tangu aanze, aliona kwamba bila oksijeni chuma huwa kimejitokeza nje kidogo ya bapa la hemu, yaani kile kipande bapa cha molekuli kinachokishikilia chuma, umbali mdogo kuliko upana wa atomi. Oksijeni ikija, chuma huingia ndani ya bapa na kuvuta histidini, kiungo cha mnyororo kilichofungamana nacho, histidini nayo huvuta mnyororo wake, vifungo vya umeme kati ya minyororo hukatika, na nusu moja ya molekuli huzunguka kwa takriban nyuzi 15 dhidi ya nusu ya pili. Kila ninapoyasoma maelezo hayo nashangaa upya. Wenzake walibishana naye kuhusu vipengele vyake kwa miaka mingi, naye akaendelea kupima.

Kwamba umbo moja halitoshi, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inalionyesha vizuri zaidi. Mwaka 1956 Vernon Ingram aligundua kwamba tofauti yote iko kwenye asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo, katika mnyororo uitwao beta: mahali pa glutamati pamekaa valini. Ukiitazama molekuli moja ya hemoglobini ya selimundu peke yake, umbo lake halitofautiani sana na la kawaida. Balaa huanza inapoachia oksijeni. Katika hali hiyo kishimo kisichopenda maji huwa wazi kwenye molekuli ya jirani, valini hunasa humo, na molekuli hujipanga nyuzi ndefu zinazoikunja seli ya damu. Ugonjwa mzima umejificha katika mwendo wa molekuli na ujirani wake na nyingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri maumbo ya protini, imemaliza kazi. Nafurahi kwa dhati kuwa ipo, na Nobel ya 2024 waliyopewa Demis Hassabis na John Jumper kwa ajili yake, pamoja na David Baker aliyebuni protini mpya, niliiona ya haki kabisa. Hazina ya AlphaFold ina maumbo yaliyotabiriwa zaidi ya milioni 200. Lakini kwa kawaida hutoa umbo likiwa limetulia, na halituambii lenyewe linageuka lini, kwa sababu gani, wala linamnasa nani likigeuka. Mwanafunzi anayelipata umbo siku ya kwanza ameokolewa miaka 23 ya Perutz, iliyoanza 1937 na kufika 1960. Ile kumi iliyofuata bado ni yake.

Perutz mwenyewe hakuacha. Alistaafu mwaka 1979 lakini akabaki maabara, na mwaka 1994, akikaribia umri wa miaka 80, alitoa hoja kuhusu Huntington, ugonjwa wa ubongo ambamo protini moja hubeba mfululizo wa asidi amino iitwayo glutamini uliorefuka kupita kiasi. Alipendekeza kwamba minyororo hiyo hushikana kama zipu. Alifariki mwaka 2002. Sehemu hiyo ya protini haina umbo moja la kudumu, programu za kutabiri hazina uhakika nayo, na namna hasa inavyoziua seli za ubongo bado inabishaniwa.