Zlib na kosa la dirisha dogo

Wakikutana waandishi wa programu hapa Mombasa, hukumu huwa imeshatoka: zlib, maktaba ya programu ya kubana data, imezeeka, tuhamie Zstandard. Hawasemi uongo. Zlib ya Jean-loup Gailly na Mark Adler ni ya 1995. Zstandard, kazi ya Yann Collet, ilitolewa na Facebook 2016, na kwa mafaili mengi hubana zaidi kwa muda mfupi na kufungua upesi zaidi. Kwa nakala za akiba za seva, sina ubishi.

Linalonikera ni shutuma ya dirisha la kilobaiti 32. Zlib hubana kwa kutazama nyuma: ikikuta mfululizo uliokwishapita, huandika umbali na urefu tu badala ya kuurudia, kisha alama zinazotokea mara nyingi hupewa misimbo mifupi. Nyuma ya baiti 32,768 haioni kitu. Weka waraka ule ule wa megabaiti tano mara mbili ndani ya faili moja, haitang'amua kuwa ni mmoja. Haya, huo ni upungufu. Lakini ofisi za kliaringi za Kilindini zinabana nini? Orodha za makontena. Mstari ukiwa wa baiti 100, dirisha hilo linabeba mistari zaidi ya 300, na KEMBA, alama ya bandari yetu, imo karibu katika kila mmoja. Sasa hapo unataka kuona mbali ili iweje?

Udogo huo ndio unaomsaidia anayefungua: kumbukumbu anayohitaji ni dirisha lenyewe na kilobaiti chache juu yake. Mwongozo rasmi wa Zstandard unapendekeza programu ya kufungua iweze kubeba dirisha la hadi megabaiti 8. Vifaa vingi vidogo vya kufuatilia malori havina nafasi hiyo. Dirisha la Zstandard linaweza kupunguzwa, naam, ila ukilipunguza hadi udogo wa lile la zlib umeacha njiani sehemu ya ulichokifuata.

Kuna na wanaodai ujumbe mfupi unahitaji Zstandard kwa sababu ina kamusi, yaani mifululizo inayojirudia iliyoandaliwa mapema ili irejelewe tangu baiti ya kwanza. Zlib nayo inapokea kamusi miaka yote hii. Mwongozo tu ndio haufunguliwi. Tofauti ni kwamba Zstandard huja na chombo cha kuiunda kutokana na sampuli, na kwa zlib utaipanga kwa mkono, yale yanayojirudia zaidi ukiyaweka mwishoni.