Kifaa kilichorudishwa, bei ya kipya: nani ana haki?

Kila duka linalokubali mteja arudishe bidhaa lina rafu ambayo wateja wengine hawaioni. Huko ndiko hukaa simu iliyorudishwa kwa sababu rangi haikupendeza, laptopu ambayo mwenyewe aliitumia wiki nzima kisha akapata ya bei nafuu kwingine, na vipokea sauti ambavyo tayari vimeshaingia masikioni mwa mtu. Utata unaanza pale vinapotoka kwenye rafu hiyo. Je, vinarudi sokoni na stika inayosema boksi lilifunguliwa na bei imepunguzwa, au vinavishwa nailoni nyingine na kuuzwa kama vipya?

Tuanze na muuzaji, kwa sababu hoja zake si za kubeza. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yanampa aliyenunua mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa nyingi bila kutoa sababu yoyote. Anaweza kukatwa fedha pale tu alipokitumia kifaa kupita kiasi kinachohitajika kukijua kilivyo na kinavyofanya kazi. Ndipo muuzaji anapouliza: kama kukiwasha kidogo hakumpunguzii mteja wa kwanza hata senti, kwa nini hasara ibaki kwangu mimi niliyekipokea tena? Sheria nyingine nazo zinampa mwanya. Sheria ya walaji ya jimbo la Ontario, Kanada, ya mwaka 2002, na ile ya Kenya ya mwaka 2012, zinakataza kusema bidhaa ni mpya ilhali si mpya au imekarabatiwa. Hata hivyo zote mbili zinasema kwamba matumizi ya kadiri, ya kukiandaa, kukijaribu na kukifikisha kwa mteja, hayakifanyi kifaa kuwa kilichotumika.

Kuna na suala la taka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ufaransa, kwa sheria yake ya mwaka 2020, ilifikia hatua ya kupiga marufuku kuharibu bidhaa ambazo hazikuuzika, vifaa vya umeme vikiwemo. Kifaa kizima kilichorudishwa lazima kipate mtu wa kukitumia.

Nayakubali yote hayo. Ila yanathibitisha kwamba kifaa kiuzwe tena, na hakuna hata moja linalothibitisha kwamba mnunuzi wa pili afichwe. Muuzaji akishikilia kuwa tofauti ni ndogo, basi punguzo nalo liwe dogo. Anachokwepa kinajulikana: akisema ukweli, wateja wengi wataomba boksi lingine. Faida anayoipata kwa kunyamaza ni kipimo kizuri cha thamani ya habari aliyoificha.

Tena uchakavu wa vifaa hivi hauonekani kwa macho. Shati lililovaliwa utalinusa. Diski ya kuhifadhia data iliyozunguka miaka mitatu inang'aa kama ya jana. Mwanzoni mwa 2025, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, heise, kiliripoti kuhusu diski za kampuni ya Seagate zilizouzwa madukani kama mpya kumbe zilishafanya kazi makumi ya maelfu ya saa. Saa 25,000 ni karibu miaka mitatu bila kuzimwa. Kumbukumbu ya kawaida ya saa za matumizi, ile inayoitwa SMART, ilikuwa imerudishwa sifuri. Kumbukumbu nyingine ya ndani zaidi, FARM, ndiyo iliyotoboa siri. Seagate ilisema haikuwauzia wafanyabiashara diski hizo na kwamba inachunguza. Shaka ikaelekea kwenye vituo vya kuchimba Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa kutumia diski nyingi. Hizo hazikuwa bidhaa zilizorudishwa na mteja, lakini tukio hilo linaonyesha kuwa duka lenyewe linaweza kubambikiwa mzigo na likaupitisha kwako bila kujua.

Hata wateja si malaika. Wapo wanaonunua kadi mpya ya picha ya kompyuta (graphics card), wakaweka ya zamani ndani ya boksi na kuirudisha. Mhudumu anapima uzito kwa mkono, anaona stika iko sawa, boksi linarudi kwenye rafu. Anayefuata analipia kipya na kupewa mzee. Duka lisilofungua kila boksi lililorudi limeamua kuokoa dakika chache kwa gharama ya mteja mwingine, na hapo silioni kama mwathirika tu.

Mstari basi uchorwe wapi? Wengi wanautazama mfuniko: boksi likifunguliwa, upya umekwisha. Mimi sishawishiki. Kuna watengenezaji wasiotumia nailoni kabisa, na mashine ya kuvisha nailoni kwa joto mtu yeyote anaweza kuinunua. Kipimo kinachonifaa mimi ni maisha ya kifaa: je, kimeshawahi kusajiliwa kwa jina la mtu, kimewekewa akaunti, au dhamana yake imeanza kuhesabika? Ukinunua leo kifaa ambacho dhamana yake ilianza miezi miwili iliyopita, umelipia miezi kumi na miwili ukapewa kumi. Hapo hakuna mjadala wa hisia, kuna hesabu.

Kipimo hicho nacho kina mipaka, kwa hiyo usikimbilie kuita mtu mwizi. Baadhi ya kampuni huhesabu dhamana tangu mzigo ulipotoka kwao hadi wewe uwasilishe risiti. Kiwandani vifaa hujaribiwa, kwa hiyo betri yenye mizunguko miwili au mitatu ya kuchajiwa, au diski yenye saa chache, haithibitishi lolote. Kwenye iPhone, namba ya modeli inayoanza na F humaanisha simu imekarabatiwa na Apple yenyewe, na M ni ya kuuzwa kama mpya. Lakini simu iliyotumiwa wiki moja ikarudishwa dukani itabaki na M yake. Kinachosaidia zaidi, kuanzia iPhone 15, ni sehemu ya betri inayoonyesha mizunguko na tarehe ya kutumiwa mara ya kwanza. Kwenye laptopu ya Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa historia ya betri. Diski za Seagate husomwa FARM yake kwa programu ya bure ya smartmontools. Mambo haya yafanye siku hiyohiyo, kabla hujahamishia picha zako humo.

Ukishapata ushahidi, njia utakayoichagua ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Rahisi kuliko zote ni kutumia haki ya kubadili mawazo: unarudisha, unapata fedha, yamekwisha. Tatizo ni kwamba mara nyingi gharama ya kusafirisha itakuwa juu yako, na kifaa kitarudi kwenye rafu ileile kumsubiri mwingine. Bora uandike wazi kwamba bidhaa hailingani na maelezo, uambatanishe picha ya skrini, na utaje unachotaka: kipya badala yake, au fedha zote pamoja na gharama za kurudisha. Uingereza, sheria ya 2015 inakupa siku 30 za kuikataa bidhaa isiyolingana na maelezo na kurudishiwa fedha zako, uwe umenunua mtandaoni au dukani. Kama ulilipa kwa kadi na duka linakupiga chenga, benki inaweza kuombwa irudishe malipo kwa sababu hiyohiyo, ila kuna muda maalumu, usikae ukisubiri ahadi za "meneja atakupigia".

Njia ya tatu wengi hawaifikirii: kubaki nacho kwa bei ya chini. Kama kifaa ni kizima na tatizo ni kwamba kiliwashwa na mtu mwingine siku mbili, punguzo la maana linaweza kukufaa kuliko wiki za barua pepe. Mimi ningelikubali kwa simu au runinga, si kwa diski ya kuhifadhia data. Na kabla ya kulikubali, dai maandishi yanayotaja kuwa kifaa kilirudishwa na mteja wa kwanza, na kwamba dhamana yake inahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye risiti yako.