Chicago Iangalie Ukiwa Chini

Kila mgeni anayenitembelea huku Marekani huja na ombi lile lile: nimpeleke Chicago, na tukifika tu, nimpandishe juu ya ghorofa refu. Nimewapandisha wengi. Mara ya mwisho ilikuwa na mjomba wangu, mstaafu wa reli kutoka Voi, siku ambayo wingu lilikuwa limeshuka hadi madirishani. Tulipanga foleni, tukalipa, lifti ikapaa mpaka masikio yakaziba, na kule juu tukakuta weupe mtupu. Mjomba akasogea kwenye kioo, akatazama kwa heshima zote, kisha akasema, "Ukungu huu hata Taita tunao, na hatulipishwi."

Tangu siku hiyo simpandishi mtu. Hata mbingu zikiwa safi, ukiwa juu unaona paa za nyumba na magari kama siafu, na hilo jengo lenyewe uliloliendea hulioni, kwa kuwa umo ndani yake. Mfano ni Willis Tower, ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Sears. Lina mita 442, na tangu miaka ya 1970 mpaka 1998 ndilo lililokuwa refu kuliko yote duniani. Mhandisi wake, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, alisimamisha minara tisa ya mraba na kuifunga pamoja kama tita la kuni, mingine akaikomesha njiani, miwili tu ikafika kileleni. Ukisimama barabarani ng'ambo ya pili na kuinua shingo, unaziona hizo ngazi zake moja moja. Shingo itauma, lakini hutatoa hata senti.

Pesa za lifti zitie kwenye mashua. Ile ziara ya mtoni ya kutazama majengo huchukua kama saa moja na nusu, na ndiyo kitu pekee cha kitalii Chicago ambacho nakilipia bila kunung'unika. Unapita chini ya madaraja yanayofunguka katikati na kuinuka, kuta za vioo zimekubana kushoto na kulia, na msimulizi anakueleza jinsi mji ulioungua mwaka 1871 ulivyojijenga upya kwenda juu. Unaiona Marina City, ile minara miwili ya mviringo iliyofanana na magunzi ya mahindi, ghorofa zake 19 za chini zikiwa maegesho ya magari. Matako ya magari yamechungulia mtoni kana kwamba yataruka. Na mto wenyewe una kisa. Zamani uliingia Ziwa Michigan na uchafu wote wa mji, na maji ya ziwa hilohilo ndiyo watu waliyokuwa wakinywa. Wakachimba mfereji, na mwaka 1900 wakaugeuza mto utiririke kinyumenyume, uliache ziwa. Mjomba aliposikia hayo aliomba arudiwe, akidhani nimetafsiri vibaya.

Karibu na mdomo wa mto huo, mwishoni mwa karne ya 18, ndipo alipoishi na kufanya biashara Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi, pamoja na mkewe Kitihawa wa kabila la Wapotawatomi. Huyo ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wa Chicago. Sanamu ya kichwa chake iko pale pale kando ya daraja la Michigan Avenue, na watu humpita mbio wakiwahi maduka. Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la Tribune Tower, ambalo kuta zake za chini zimepachikwa vipande vya mawe kutoka piramidi ya Misri, Taj Mahal, ukuta wa China na kwingineko. Namna walivyovipata ni hadithi nyingine, na si yote ya kujivunia. Ila vipo usawa wa mkono, unavigusa.

Lile Haragwe la chuma kinachong'aa, yaani sanamu ya Cloud Gate ya Anish Kapoor, utalifikia tu. Huwezi kuja Chicago ukarudi nyumbani bila picha yake. Basi ukishapiga picha ya mbele kama kila mtu, ingia chini ya tumbo lake. Pale juu pana kitovu, na ukikitazama unajiona umevutwa, umekunjwa, umekuwa watu sita. Watoto hulala chali wakacheka. Fanya kama wao.

Treni nayo usiipande tu, simama chini yake. Wenyeji huiita L, na mzunguko wake wa katikati ya mji umekuwa ukipita juu ya barabara, kwenye nguzo za chuma, tangu 1897. Pale barabara ya Wabash treni ikipita, mazungumzo hukatika, kila mtu anasubiri imalizike, kisha yanaendelea palepale yalipokomea. Mjomba alifumba macho kusikiliza magurudumu yakigonga viungo vya reli. Kwa ajili yake nilikwenda mpaka Pullman, kusini ya mji, kitongoji kilichojengwa na tajiri wa mabehewa ya kulala kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kodi yao ya nyumba aliipokea yeye, mishahara akaipunguza yeye, na mwaka 1894 mgomo wao ukasimamisha reli za nusu ya nchi. Kuna jumba la makumbusho la wahudumu weusi wa mabehewa hayo, ambao chama chao kilipata mkataba na kampuni mwaka 1937. Watu wataniambia kusini hakuendeki. Mimi naenda mchana, kwa treni, na sijawahi kujuta.

Kuhusu ziwa, nina wivu. Mtu wa Kisumu atakwambia Victoria ni kubwa kuliko Michigan, na ni kweli. Ninachoonea wivu ni ufuo. Mwaka 1836 kwenye ramani ya sehemu ile iliandikwa kwamba ibaki wazi, bila majengo, milele, na ingawa walivunja ahadi hapa na pale, leo unatembea au unaendesha baiskeli kilomita 29 kando ya maji bila mlinzi kukuuliza unakwenda wapi. Sisi wa Pwani tunaijua ile ya kupenya kichochoro kati ya kuta za hoteli mbili ili ukanyage mchanga wa bahari yako mwenyewe.

(Usije Januari. Sitaeleza zaidi. Njoo Oktoba, kwenye marathoni, usimame kando ya njia. Hapo ndipo Kelvin Kiptum alipokimbia kwa saa 2 na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023, miezi minne tu kabla ya ajali iliyomwondoa.)

Nimewaacha wenyewe mwishoni: simba wa Tsavo. Wako kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, madume wawili wasio na manyoya shingoni, waliokula wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Patterson, msimamizi wa ujenzi huo aliyewaua, alikuja kudai walikula watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya yao walikadiria kama 35. Ngozi zao alizitandika sakafuni kwake kama mazulia kwa miaka ipatayo 25, kisha akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Zikajazwa na kusimamishwa, lakini zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, ndiyo maana simba waliopo ni wadogo kuliko walivyokuwa wakiwa hai. Mimi ni wa wale wanaosema warudi Kenya. Daraja liko kwetu, makaburi yako kwetu, na mtoto wa Voi hapaswi kuomba viza ili amwone simba wa Tsavo. Hadi hapo, nenda ukawaone, hata kama huna muda wa kitu kingine.

Mjomba, aliyefanya kazi kwenye reli ileile, alisimama mbele ya kioo muda mrefu. "Ndio hawa?" akauliza. "Mbona wadogo?" Nikamweleza habari ya mazulia. Akatikisa kichwa, akawasogelea. Nilimwomba ageuke nimpige picha nao, akakataa katakata kuwapa mgongo. Kwa hiyo picha niliyo nayo ni ya kisogo chake na kofia yake, na nyuma ya kioo simba wawili wakimtazama.